Zamu ya Kusikiliza

Mvua hainyeshi hapa. Inanyesha juu,
huko Rwenzori, nyuma ya ukungu,
na sisi wa bondeni Kasese huijua kwa mawe.
Nyamwamba ukianza kuyaviringisha gizani
ardhi huguna chini ya kitanda,
kama gunia la mahindi linaloburutwa
na mtu asiyetaka kukuamsha.

Nimeamka.
Nimewapapasa mmoja mmoja: Masika, Bwambale, Kabugho.
Kwetu Bukonzo jina ni hesabu,
wa kwanza, wa pili, wa tatu;
ukiwaita, umewahesabu.
Watatu. Narudia. Watatu.
Baba yao yuko Hima, kiwandani, zamu ya usiku,
mapafu yake yakijifunza saruji.

Nimeanza Baba Yetu mara nne
na mara nne nimekwama penye mkate.
Nikifika hapo akili inachomoka,
inakwenda kwenye debe la unga, inagonga chini yake,
inakwenda kwenye karo, kwenye deni la chama,
kwenye ukuta wa jikoni
ambao mto uliuchukua mwaka juzi
bila hata kupiga hodi.

Jumapili mhubiri alisema imani huhamisha milima.
Nikainama, nikacheka ndani ya leso:
Bwana, mbona milima hii yenyewe inahamia kwetu,
jiwe kwa jiwe, tena usiku?
Nisamehe.
Au cheka nami, kama Wewe hucheka.

Hodi.
Ni Biira wa nyumba ya pili,
tochi ya simu mkononi, miguu matope hadi magotini.
"Umelala?"
"Nani alale?"
Anakaa kizingitini. Haniambii nisiogope.
Meno yake mwenyewe yanagongana.
Anasema tu:
"Tugawane. Wewe omba, mimi nisikilize mawe.
Ukichoka, tubadilishane."

Basi nikafumba macho yote mawili,
jambo ambalo sijalifanya tangu masika yaanze.
Sikuwa na maneno mazuri. Nilisema: Wewe.
Nikasema: hawa. Nikawataja.
Nikasema: naogopa, na Unajua,
na sijui kwa nini nakwambia Unachojua.
Nikaianza tena ile sala ya utotoni,
nikafika penye mkate, nikatetemeka, nikapita,
na pale pembeni nikakanyaga neno dogo
ambalo miaka yote nalimeza bila kulitafuna:
leo.
Si karo ya muhula ujao. Si ukuta.
Si kifua cha Thembo akifika miaka hamsini.
Leo, na kilichobaki cha leo
ni kama saa nne na nusu za giza.
Hizo naweza kuzibeba.
Nimewahi kubeba ndoo nzito zaidi.

Kisha ikawa zamu yangu.
Nikageuzia mto sikio.
Jiwe kubwa. Kimya. Vijiwe. Jiwe kubwa.
Na nyuma yangu Biira ananong'ona kwa Lukonzo,
haraka haraka, kama mtu anayechambua maharage
kabla taa haijaisha mafuta,
nami nikasikia, bila kukusudia kusikia:
Masika, Bwambale, Kabugho,
kwa mpangilio wao, bila kukosea,
wangu,
kabla ya wake.

Sikugeuka. Nilikuwa kazini.
Lakini machozi hayazuii masikio.

Alfajiri mtu akagonga ile ringi ya lori
iliyoning'inizwa nje ya kanisa.
Tukatoka kuona. Mto, rangi ya chai ya maziwa,
ulikuwa umesimama hatua sita kutoka choo cha Biira,
umekwenda na migomba miwili na kamba ya kuanikia nguo.
"Kamba ilikuwa yako," akasema Biira.
"Na migomba ilikuwa yako."
Tukacheka kama walevi,
watoto wakatoka kutushangaa,
mmoja, wawili, watatu.

Sasa ni jioni. Mawingu yamekaa tena kule juu,
meusi, hayana haraka.
Nimechemsha chai, nimeijaza chupa.
Nimeweka viti viwili mlangoni.